Haraka ya Nani, Hasara ya Nani?

Wazee wetu walituachia methali mbili zisizoelewana. Moja inasema haraka haraka haina baraka, nyingine inasema ngojangoja huumiza matumbo. Kila nikisikia taasisi fulani inaleta mfumo mpya, najiuliza: hawa wamefuata ipi? Wanabadilisha kila kitu kwa mpigo, au wanakwenda hatua kwa hatua?

Siku hizi naona swali hilo halitoshi.

Chukua M-Pesa. Tunasema ilileta mapinduzi Kenya, na ni kweli. Lakini ilianza kidogo kidogo. Mwaka 2005 ilijaribiwa Nairobi na Thika kwa watu wachache, nia ikiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Wateja wenyewe wakaanza kutumiana pesa. Wenye mradi wakaliona hilo, wakalifuata, na Safaricom ilipoizindua Machi 2007 ikanadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Simu zilikuwa zilezile za vitufe. Wakala alikuwa mwenye duka la mtaani, na daftari la kusaini lilikuwepo palepale kaunta. Jambo jipya kabisa liliegemea vitu ambavyo watu walishavizoea.

Sasa tazama Uingereza. Kuanzia 1999, Posta ya huko ilisambaza mfumo wa hesabu uitwao Horizon. Mfumo ulipoonyesha pesa zimepungua, waendeshaji wa posta ndogo za mitaani walitakiwa kulipa wenyewe. Wengi wakaambiwa eti ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, wengine wakafungwa. Mwaka 2019 mahakama iliamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu. Sheria ya kufuta hukumu kwa jumla ilipatikana 2024.

Utasema kosa lilikuwa hitilafu, si haraka. Sawa, lakini hitilafu haikosi katika mfumo wowote. Tofauti ninayoiona ni hii: kule Kenya, mtumiaji alipofanya jambo lisilotarajiwa, ilichukuliwa kuwa ni habari. Kule Uingereza ikachukuliwa kuwa ni wizi.

Kwa hiyo sitetei mwendo wa kobe. Kuchelewa nako kuna wahanga wake: kabla ya 2007 wangapi walimkabidhi dereva wa basi bahasha ya mama, na roho juu mpaka ifike? Ninachouliza ni swali la haki. Mashine na mtu wakipingana, nani anasikilizwa kwanza? Na hasara ikitokea, inamwangukia aliyeamua au aliyeletewa tu?

Taasisi isiyoweza kujibu hayo haiko tayari, hata ikienda polepole namna gani. Anayetaka kuruka na aruke. Ila asiruke na mtoto wa mwenzake mgongoni.