Mlima Uliosalia: Waadhi kwa Wasafiri wa Bara

Bismillahi Rahmani Rahim.

Anastahiki sifa Mola aliyeisimamisha milima ikawa vigingi vya ardhi, akaipitisha mito katikati yake, akamjaalia binadamu miguu ya kuendea na macho ya kutazamia. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Jueni, enyi ndugu Waislamu wa pwani, ya kwamba safari ni jambo lenye kusifiwa katika dini. Mwenyezi Mungu katika Kitabu chake amewahimiza waja wake, tena si mara moja, watembee katika ardhi na kuangalia ulivyokuwa mwisho wa waliotangulia. Na katika sura ya Al-Ghashiya amewaelekeza waitazame milima jinsi ilivyosimamishwa. Mwenye kutoka nyumbani kwake kwenda kuangalia milima na maji, hali amekusudia kumjua Muumba wake, huyo hakuzipoteza siku zake. Lakini kutazama ni kwa namna mbili. Kuna kutazama kwa jicho, na hata mnyama anako. Na kuna kutazama kwa moyo, nako ndiko kulikoamrishwa.

Siku hizi vijana wengi wa pwani hukodi motokaa wakati wa mapumziko, wakaifuata njia ya bara hata Ziwa Tanganyika. Na njia hiyo ni nzuri kwelikweli. Mtu akitoka Dar es Salaam huiona milima ya Uluguru imejitanda mawingu juu ya Morogoro; kisha hupita Dodoma na Singida, akashuka mteremko wa Sekenke, mbuga ya Wembere ikamfunukia kama bahari iliyokauka. Akiisha kuivuka mbuga amefika wilaya ya Igunga, ambayo ndani yake imo Choma. Toka nchi hiyo hushika njia ya Nzega na Tabora, akapita Urambo, mji wenye kulikumbusha jina la Mtemi Mirambo aliyekufa mwaka 1884, akauvuka mto Malagarasi juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2015. Ndipo nchi huanza tena kupanda na kushuka kwa vilima, na mwisho wa vilima huonekana maji.

Na maji hayo si maji madogo. Watu wa Norway, nchi ya Ulaya ya kaskazini, wanayo mikono ya bahari iingiayo ndani katikati ya milima mirefu. Barafu ya zamani iliyachimba mabonde, kisha bahari ikayajaza. Na matajiri wa dunia huiendea kwa fedha nyingi ili waitazame tu. Mkono ulio mrefu kupita yote nchini humo, uitwao Sognefjord, una kina cha yapata mita 1,300. Tanganyika si mkono wa bahari, wala haikuchimbwa na barafu. Ardhi yenyewe ilipasuka, bonde likadidimia, maji yakakusanyika. Urefu wake ni yapata kilomita 670, na upana wake kwa wastani kilomita 50. Kina chake hufika mita 1,470, hata sakafu yake iko chini kuliko uso wa bahari ya Hindi. Ng'ambo yake imesimama milima ya Kongo. Na upande wa kusini wa Kigoma milima ya Mahale, ambayo kilele chake cha Nkungwe kina mita 2,462, huteremka mpaka majini. Basi mwenye kuwa na ajabu hii katika nchi yake na amshukuru Mola wake.

Tena katika maji hayo mna mazingatio mengine. Uso wake hung'aa, na usiku taa za wavuvi wa dagaa huonekana juu yake kama nyota. Lakini chini zaidi ya mita 250 maji hayana hewa, wala hapana samaki awezaye kuishi humo. Juu ni uzuri, na chini ni kimya. Na njia yenyewe iendayo ziwani ndivyo ilivyo.

Kwani njia hiyo si ya jana. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, watu walikwenda kwa miguu. Msafara ulitoka Bagamoyo, kirangozi mbele na bendera yake, wapagazi nyuma, kila mmoja na mzigo wa yapata frasila mbili. Walipanda milima ya Usagara, wakapita Mpwapwa, wakakata Marenga Mkali pasipo maji ya kunywa, wakatoa hongo kwa watemi wa Ugogo, wakaingia pori la Mgunda Mkali, hata wakafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe. Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857. Walifika Tabora mwezi wa Novemba, na Ujiji mwezi wa Februari mwaka 1858.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi waungwana, waliochukua mizigo kwa ujira wao. Lakini walikuwako na wengine, watu wa Manyema na wa nchi nyingine za bara, waliochukuliwa kwao kwa nguvu, wakaletwa pwani wamefungwa shingo. Na wenye misafara hiyo wengi wao walikuwa Waislamu wa pwani na wa Unguja. Walisali njiani, wakafunga Ramadhani, wakamtaja Mwenyezi Mungu juu ya kila mlima walioupanda. Neno hili ni zito, nalo halifichiki.

Katika sura ya Al-Balad Mwenyezi Mungu ametaja akaba, maana yake njia ya mlimani iliyo ngumu kupandwa. Kisha akaibainisha hiyo akaba ni nini: ni kumfungua mtumwa shingo yake, na kumlisha siku ya njaa yatima aliye jamaa, au maskini aliyelala mavumbini. Mwenye akili na azingatie. Watu wale waliipanda milima yote iliyoko baina ya Bagamoyo na Ujiji, kwa jua na kwa mvua, ila mlima mmoja. Mlima huo haukuwa Usagara wala Mahale; ulikuwa hapo hapo nyuma yao, shingoni mwa yule aliyefungwa.

Pengine mtu atasema: Sayyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, akaikataza na misafara ya watumwa ya nchi kavu mwaka 1876, na Tanganyika utumwa uliondolewa kwa sheria mwaka 1922. Hayo yamekwisha, wala nafsi haichukui mzigo wa nafsi nyingine. Atakuwa amesema kweli. Mjukuu haulizwi dhambi ya babu yake. Lakini mlima haukuondoka pamoja na babu. Umesalia pale pale, na kila mtu ataulizwa kama yeye aliupanda.

Hupigwa mfano wa vijana wanne wa pwani waliokodi motokaa pamoja na dereva wake na utingo, kijana wa miaka kumi na minane. Walifika Choma jua limekwisha kutua. Hapo palikuwa na mzee mmoja, jamaa ya mkwe wa mmoja wao, wakamwendea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni."

Mzee akawatandikia mkeka uani, wakasali Magharibi na Isha kwa kuzikusanya. Dereva akaitwa, wakaketi. Kikaletwa chakula, ugali na kuku, nao wakanawa mikono. Lakini mzee hakunyosha mkono wake. Alikuwa akitazama nje, ambako utingo alikuwa chini ya gari akikaza nati kwa mwanga wa kurunzi.

Mzee akauliza, "Na yule ni nani?"

Mmoja wa vijana akajibu, "Yule ni utingo tu, babu. Atakula kitakachobaki."

Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Bibi yangu mzaa baba alitoka Manyema akiwa mtoto. Watu walipouliza njiani yule ni nani, aliyemwongoza alijibu kama ulivyojibu wewe: yule ni mtumwa tu. Karibu na Tabora akaugua, wakamwacha chini ya mti, kwa kuwa asiyeweza kwenda hana bei. Watu wa nchi hii wakamwokota, wakamlisha, nami nikatoka katika uzao wake. Sina nikidaicho kwenu, wajukuu zangu. Lakini katika sahani hii mkono wangu hautangulii mkono wa kijana yule."

Kijana aliyesema neno lile akaona haya. Akaondoka mwenyewe, akachukua birika, akamwendea utingo akamnawisha, akamwuliza jina lake. Walikuwa wamekwenda naye siku mbili, wala hapana aliyemwuliza. Na walipofika Ujiji, wenzao wakipigana picha chini ya miembe, hao wawili walionekana wamesimama pamoja ukingoni, wakiyatazama maji.

Basi jueni, enyi ndugu, ya kwamba neno "tu" ni neno dogo ulimini na zito katika mizani. Ni nani leo ambaye hana mtu wake wa "tu"? Kuna mtoto aletwaye mjini kutoka bara kwa ahadi ya kusomeshwa, naye hapewi kitabu bali ufagio, akala jikoni, na ujira wake ukawekwa hata ukasahauliwa. Kuna mchukuzi wa sokoni ambaye jasho lake hukauka kabla hajalipwa. Kuna mtu anayeitwa mshenzi kwa kuwa ulimi wake ni wa bara, hali yeye husali kuliko amwitaye. Na kuna kijana mwenye dini na tabia njema aliyeposa, posa yake ikarudishwa, kwa sababu wazee walinong'ona ya kwamba babu yake alinunuliwa. Aliyeirudisha posa hiyo anadhani amelinda nasaba. Kumbe amemrudisha mtu sokoni, baada ya soko lenyewe kufungwa.

Na mwenye shaka na amkumbuke Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, wa Bagamoyo. Yeye alizaliwa bara, akaletwa pwani utumwani akiwa mtoto, akanunuliwa. Mwenyezi Mungu akamfungulia mlango wa elimu, akasoma hata akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, wakaja watu wa bara na wa pwani kuketi mbele yake; naye alifariki mwaka 1931. Waliomwona mtoto yule siku ile katika mji wa Bagamoyo, ni nani kati yao aliyejua ya kwamba wajukuu wa waungwana watambusu mkono? Mola huweka amana yake apendapo, wala hamwulizi mtu ukoo wake.

Kwa hiyo mwenye kukusudia safari hii na aende, wala asijizuie, kwani milima ni mizuri na ziwa ni ishara kubwa. Lakini kabla hajaondoka na alipe madeni yake, na apatane ujira na dereva na utingo kwa neno lililo wazi. Awape nafasi ya kulala, kwani roho za wote zimo mikononi mwao. Ale nao sahani moja. Asimamishe gari kwa wakati wa sala; na akiwa katika safari ambayo sharia imeruhusu, sala ya rakaa nne na aisali mbili. Kupunguziwa huko ni sadaka ya Mola kwa msafiri. Na asiyempunguzia mwenziwe mzigo, ataomba kwa uso gani apunguziwe wake?

Na atakapofika Ujiji, na asimame kidogo pasipo maneno. Awaombee waliokufa njiani wasiojulikana makaburi yao, Mwenyezi Mungu awatendee kwa uadilifu wake na rehema yake. Kisha arudi pwani, na kazi yake ya kwanza akifika nyumbani iwe kumtazama yule aliyemfungulia mlango, akamjua kwa jina lake.

Ee Mola, wasamehe waliotangulia, waongoze waliosalia, na uwajaalie waja wako nguvu ya kuupanda mlima ulioutaja katika Kitabu chako, kabla ya siku ambayo milima yote itaondoshwa. Amin.