Nyumba Inayomheshimu Mzee



Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, imo amri ambayo ni nadra kuhubiriwa. Mungu anamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta mdogo kando ya paa lake, ili mtu asianguke na damu yake ikahesabiwa juu ya nyumba ile. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na paa bapa, na watu walipanda wakakaa juu. Basi angalieni: Mungu aliyeziumba mbingu na nchi hakuona ni jambo dogo kunena habari za ukuta. Tena hakumwagiza mgeni ajihadhari; alimtwika mjenzi dhamana.

Hapa Bungu hatukai juu ya paa. Lakini twajenga katika miteremko ya milima, na mahali petu pa kuangukia ni vidato, vizingiti na utelezi wa masika.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Kijana mmoja wa usharika, aliyepata kazi mjini, alimjengea mama yake nyumba ya matofali na mabati. Siku ya kuibariki tuliimba, tukala, tukafurahi. Baada ya miezi michache nikasikia kwamba mama yule amerudi kulala jikoni, penye moshi. Nikapanda kwake nikamkemea, kwamba anamvunja mwanawe moyo. Alinyamaza, kisha akasema, “Mchungaji, mwanangu namshukuru, na kila siku namwombea. Lakini miguu yangu haikuulizwa.”

Akanionyesha. Vidato vya mlangoni vilikuwa saba, kimo chake hakilingani, wala hapakuwa na pa kushika. Sakafu ya saruji ilisuguliwa hata ikang'aa, na siku ya ukungu iliteleza. Choo kilikuwa chini ya mteremko, nyuma ya migomba. Usiku hakuthubutu kukiendea. Tena nyumba haikuwa na dari, na baridi ya mwezi wa Juni ilishuka kutoka kwenye mabati ikamwingia mifupani. Jikoni palikuwa na moto. Nikaona haya, maana niliibariki nyumba ile pasipo kuitazama kwa macho ya mwenye kukaa ndani yake.

Hata hivyo moshi si kimbilio jema. Huumiza macho na kuharibu mapafu. Nayo baridi ni adui wa mzee. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya nyumba na afya, likashauri kwamba penye majira ya baridi joto la ndani lisipungue digrii 18, na kwamba wazee huenda wakahitaji zaidi. Paa nene la nyasi la wazee wetu lilihifadhi joto. Bati tupu halihifadhi. Sisemi turudi kwenye nyasi. Nasema, chini ya bati tuweke dari ya mbao, na jikoni tufungue njia ya moshi kutokea juu.

Tena vidato viwe vya kimo kimoja, na mti wa kushikia uwe pande zote mbili. Mahali panapofaa, njia ya mteremko mpole ni bora kuliko vidato: kwa kila futi 1 ya kimo, futi 12 za urefu. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, ili kiti cha magurudumu kipite. Kitanda kiwe na kimo cha goti, ili mzee ainuke pasipo kuvutwa. Choo kiwe karibu, chenye mahali pa kukalia, kwa maana magoti ya mzee hayachuchumai.

Lakini mtu atasema, “Mimi ningali kijana.” Ndugu yangu, matofali yako yatadumu kuliko nguvu zako. Unayemjengea leo ni mama yako; kesho ni wewe.

Dr. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza maana ya mkate wetu wa kila siku, aliihesabu nyumba pamoja na chakula. Basi amri ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama, haitimizwi kwa maneno na shuka za Krismasi tu. Hutimizwa hata kwa msumari na mti wa kushikia. Na kila usharika ujiulize: ni wazee wangapi wanaoletewa Chakula cha Bwana nyumbani, wasiozuiwa na ugonjwa bali na vidato vya kanisa letu?

Kijana yule alipokuja likizo nilimweleza yote. Hakukasirika. Aliketi miguuni pa mama yake, akamwuliza lile ambalo hakumwuliza kwanza. Vijana wa usharika wakatengeneza vidato, wakasimamisha miti, wakapiga dari. Mama amerudi nyumbani mwake. Choo bado hakijajengwa. Kazi hiyo ingali mbele yetu.

Bwana asipoijenga nyumba, taabu yetu ni bure. Naye Bwana, ajengapo, humkumbuka aliye dhaifu kuliko wote. Nasi tufanye vivyo hivyo. Amin.