JE, ZIWA HALIWEZI KUISHA?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu tunaanza. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake.



Huenda juma hili umekula ndakala. Zilivuliwa Kalemie au Moba, zikaanikwa juani, zikapanda lori mpaka soko la Kenya, zikaishia pembeni ya bukari nyumbani kwako. Hukuuliza nani kazichinja, kwa kuwa sheria imekuondolea taabu hiyo: kiwindwa cha majini kimehalalishwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 96, naye Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya bahari alijibu kwamba maji yake ni tohara na mfu wake ni halali. Nyama ya samaki, basi, haina shaka. Shaka iko mahali pengine. Je, kitu kikiwa halali kukila, ni halali pia kukivua kwa namna yoyote na kwa kiasi chochote?

Wengi hujibu upesi: ziwa lile halina mwisho. Na kwa macho kweli halina. Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 hivi, na penye kina kuliko pote ni mita 1,470. Duniani ni ziwa la Baikal peke yake, kule Urusi, linaloishinda kwa kina. Mtu akisikia hivyo hudhani ni ghala la mita 1,470 lililojaa samaki toka juu hadi chini. Hapo ndipo tunapokosea.

Maji yale yamepangwa kwa matabaka. La juu hupata jua na upepo, nalo huvuta hewa. Yaliyo chini yake ni baridi kidogo, tofauti ya digrii chache tu, lakini hizo zinatosha kuyafanya mazito yasichanganyike na ya juu. Kwa hiyo hewa haishuki. Upande wa kaskazini ukipita mita 100 hivi, na upande wa kusini ukipita mita 200 hivi, hakuna tena cha kupumua. Kuna gesi inayonuka kama yai bovu, na hakuna samaki hata mmoja, ila vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo havihitaji hewa. Nyumba ni ya ghorofa nyingi, lakini samaki wamepewa ghorofa ya juu peke yake.

Bahari kuu haiko hivyo. Mwaka 1960, mwaka ule ule nchi yetu ilipopata uhuru, Jacques Piccard na Don Walsh walishuka ndani ya chombo cha chuma mpaka chini ya shimo la Mariana katika Pasifiki, kina cha karibu mita 10,900. Leo inajulikana kwamba hata huko wako viumbe, jamaa za kamba wadogo, wanaoishi katika giza tupu. Wanapumua kwa sababu maji baridi ya kwenye ncha za dunia huzama na kuipeleka hewa hadi chini.

Tukitaja giza la bahari, wengi mnaikumbuka Sura ya An-Nur, aya ya 40, inayotaja giza la bahari yenye kina, wimbi juu ya wimbi na wingu juu yake, hata mtu akiutoa mkono wake anakaribia asiuone. Aya hii tumezoea kuishika kama fimbo ya kuwashinda wengine katika mijadala ya sayansi. Mimi naona tungeisoma kwanza kwa ajili yetu. Mfano ule umepigwa kwa ajili ya matendo ya watu, na anayetajwa mle ni mtu asiyeuona mkono wake mwenyewe.

Turudi ziwani. Mabaki ya kila kilichokufa juu huzama na kulala gizani, yakawa kama mbolea iliyofungiwa chumbani. Kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na maji ya chini hupanda upande wa kusini pamoja na mbolea ile. Vimea vidogo hustawi, vijidudu huvila, ndakala hula vijidudu, mikebuka hula ndakala. Usiku ndakala hupanda karibu na juu kutafuta chakula, na ndiyo sababu wavuvi hutoka na taa zao usiku usio na mwezi.

Sasa maji ya juu yanazidi joto, na mlango wa chumba kile unazidi kuwa mgumu kufunguka. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba chakula kinachooteshwa na ziwa kimepungua kwa asilimia 20 hivi, na wakakadiria kuwa samaki wangepungua kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 wengine, waliochimba matope ya chini ya ziwa, walionyesha kwamba kupungua huko kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara.

Mvuvi akisikia haya atasema: mnaona, si sisi, ni wale wa mbali wenye viwanda na moshi. Neno lake lina haki ndani yake, na Sura ya Ar-Rum, aya ya 41, inapotaja uharibifu wa bara na bahari uliotokana na mikono ya watu, haikutaja watu wa nchi moja. Lakini ghala likipunguzwa na mwizi, je, mwenye nyumba ndiyo apate ruhusa ya kula mbegu? Wako wanaokokota vyandarua vya mbu pwani, wakazoa watoto wa samaki ambao bado hawajazaa.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimpitia Sa'd akitawadha, akamkanya israfu, Sa'd akauliza kama katika udhu pia kuna israfu, akaambiwa ndiyo, hata ukiwa kwenye mto unaotiririka. Wanazuoni wana maneno juu ya isnadi yake. Maana yake, hata hivyo, inamgusa moja kwa moja yule anayesema maji ni mengi.

Simlaumu sana mama anayekokota chandarua ili watoto wake wale usiku huo. Namlaumu zaidi mwenye mitumbwi mingi, na mfanyabiashara anayeagiza magunia bila kutazama kilichomo, na mimi na wewe tunaochagua fungu la bei ndogo bila kuuliza. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazae. Miezi 3 ni mirefu kwa mtu asiye na shamba. Lakini samaki hawajui mpaka wa nchi, na aliyeachwa azae upande ule anaweza kuvuliwa upande huu.

Kesho ukienda sokoni, chukua ndakala chache uziweke kiganjani, uangalie zina urefu gani.

Wallahu a'alam.