Ahadi Imetimia, Mzigo Haujafika

Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakutuambia deni hilo linalipwa kwa kitu gani hasa. Ukiahidi kuniletea jibu, ukaniletea jibu linalosema "hakuna", umelipa au hujalipa?

Swali hili limo ndani ya simu yako. Katika lugha ya programu iitwayo JavaScript kuna kitu ambacho jina lake rasmi, ukilitafsiri, ni ahadi. Ukurasa unapotaka kitu kutoka kwenye seva, hausimami kusubiri. Unatuma ombi kupitia amri ya fetch, unapewa ahadi, kisha unaendelea na shughuli zake. Baadaye ahadi ama inatimia ama inavunjika. Sasa mtego uko hapa: kwa kawaida fetch huvunja ahadi pale mawasiliano yenyewe yaliposhindikana, kwa mfano mtandao umekatika au seva haipatikani kabisa. Seva ikijibu 404, yaani ulichotaka hakipo, au 500, yaani nimekwama huku ndani, ahadi inahesabiwa imetimia. Ilichoahidi ni jibu, na jibu limekuja. Anayeandika programu ndiye anayepaswa kuitazama namba ya hali, au kuuliza sehemu iitwayo ok, ambayo huwa kweli kwa namba za 200 hadi 299 tu.

Chukulia mzazi yuko Usinge, kwenye reli ya kwenda Kigoma, ukishapita Kaliua ukiwa unatokea Tabora. Anajaza fomu ya mwanawe kwa simu, bando lenyewe la kuungaunga. Anabonyeza kutuma. Seva inajibu 500. Programu haikuangalia namba, inamwandikia kwa rangi ya kijani: "Imekamilika." Anazima simu, anarudi kwenye tumbaku yake. Siku ya mwisho inapita. Nani kamdanganya?

Ukanda huu una uzoefu wa zamani na swali hilo. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, habari na mizigo vilipita hapa mabegani mwa wapagazi, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kisha magharibi hadi Ujiji. Ukituma barua, hukukaa kuisubiri. Uliendelea na maisha. Mkoba wa barua za David Livingstone ulifungwa Zanzibar tarehe 1 Novemba 1870. Wapagazi wakabaki Bagamoyo hadi Februari 1871. Mkoba ulipofika Kwihara, karibu na Tabora, njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo. Mwishowe Stanley aliubeba kwa kuzunguka kusini, ukamfikia mwenyewe Novemba 1871. Mwaka mzima! Kwa aliyeufunga Zanzibar, mkoba ulikuwa umeshaondoka zamani.

Bidhaa zake nazo zilifika Ujiji. Tena zilifika kweli. Lakini Livingstone aliandika kwenye shajara yake kwamba alipoingia mji huo Oktoba 1871 alikuta zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa, ambaye alikuwa amejiridhisha kwamba mwenye mali amekufa. Ungeuliza "mzigo umefika?" ungejibiwa ndiyo, na jibu lingekuwa sahihi.

Kuna kisa kingine kigumu zaidi. Mwishoni mwa 1866 wapagazi wa Nzwani, Visiwa vya Komoro, waliokuwa wamemkimbia Livingstone walirudi Zanzibar wakiongozwa na Musa. Walileta habari kwamba ameuawa. Habari ilikuwa kamili, ina mahali, ina wauaji. Wengi waliiamini. Hata hivyo mwaka 1867 E. D. Young alitumwa hadi upande wa Ziwa Nyasa kuhakikisha, akarudi na ushahidi kwamba mzee alipita akiwa hai baada ya pale aliposemwa kufia.

Visa hivi vinatusaidia kupanga lawama. Kuna maswali matatu tofauti: je, jibu limefika? Jibu lenyewe linasema nini? Na linalosema ni kweli? Swali la kwanza ni la mpagazi, na fetch ni mpagazi mwaminifu. Hakuahidi habari njema, aliahidi kuleta. La tatu ni la aliyeandika barua. Seva inayotuma 200 huku ndani ya bahasha imeficha kosa iko upande wa Musa, na namba ya hali peke yake haitakuokoa hapo. Ila swali la pili ni la mpokeaji. Hakuna mwingine wa kumsukumia.

Nimesikia utetezi: mtu hawezi kuhakikisha kila kitu, jamii inaendeshwa kwa kuaminiana. Ni kweli. Young alihitaji safari ndefu. Hatuwezi kumfungia kila mtu safari. Lakini kuangalia namba ya hali si kumshuku mtu. Seva imesema waziwazi "nimeshindwa". Kutoisikiliza kisha kutangaza imekubali, huko siko kuaminiana. Ni kumwekea mwenzako maneno mdomoni. Sisi waandishi wa habari tunajua tofauti ya "ofisi imepokea malalamiko" na "ofisi imeshughulikia". Hata HTTP inaijua: namba 202 maana yake nimepokea, bado sijafanya.

Na asiyesubiri ana wajibu mkubwa zaidi, si mdogo. Aliyesimama mlangoni anaona uso wa anayejibu. Aliyeacha ombi akaenda zake ana ile namba tu ya kumsimulia kilichotokea. Asipoisoma, hasara haimpati yeye. Inampata mzazi wa Usinge, ambaye hawezi kufungua programu aone ndani mlijibiwa nini.

Mstari wa kuuliza kama ok ni kweli ni mfupi kuliko sentensi hii. Ukiandikwa, mzazi yule ataona maandishi mekundu: "Haijapokelewa, jaribu tena." Atakasirika, atalaani mtandao, atatafuta bando jingine. Lakini siku ya mwisho itakuwa bado haijapita.