Usigeuze Meli Kabla Hujakaribia

Somo: Hesabu 13:25–33, Yoshua 14:6–12



Mwaka 1818 nahodha Mwingereza, John Ross, alitumwa na serikali yake na meli mbili kutafuta njia ya bahari kupitia kaskazini mwa Kanada, kwenye barafu. Mwisho wa Agosti akaingia mlango wa bahari uitwao Lancaster Sound. Mbele akaona safu ya milima imeziba njia. Akaipa milima jina, akaichora kwenye ramani, akageuza meli. Maofisa wengine hawakuridhika. Mmoja wao, William Parry, alirudi mwaka uliofuata akapita na meli zake papo hapo. Hakukuwa na mlima. Ni maji tu.

Je, Ross alikuwa mwongo? La. Ukisafiri barabara ya Mombasa jua likiwaka, unaona maji kwenye lami, ukifika ni pakavu. Hayo ni mazigazi. Kwenye bahari ya baridi mambo hugeuka: hewa iliyo karibu na maji ni baridi na nzito, ya juu yake ina joto kidogo. Mwanga ukipita hapo unapinda kuelekea chini, upande wa hewa nzito. Lakini jicho halijui kwamba mwanga umepinda. Linadhani umekuja moja kwa moja, kwa hivyo linaona kitu kikiwa juu kuliko kilipo. Barafu ya mbali inainuka, inasimama kama milima.

Kosa la Ross halikuwa kuona. Kosa lake ni kugeuka kabla ya kukaribia.

Sasa twende kwa Neno. Wapelelezi walikuwa kumi na wawili, nchi ni moja. Kumi walirudi wakisema hatuwezi, na wakajiona wadogo kama panzi. Hofu ni ile hewa baridi: inakaa kati yako na kitu, inakiinua. Taifa likageuza meli, likazunguka jangwani miaka 40.

Nitasema langu. Nilipomaliza chuo na digrii yangu ya biashara, nilikopa mjomba wangu shilingi 60,000 nikafungua duka. Duka likaanguka. Nikaacha kushika simu zake. Karibu miaka miwili, hata matanga ya nyumbani nilikuwa nakwepa. Siku niliyojikaza nikaenda, aliitisha chai, akaniambia, "Kijana wangu, mimi nilidhani wewe ni mgonjwa." Deni lilikuwepo, na nililipa 5,000 kila mwezi, mwaka mzima. Lakini ile hasira niliyoiona kwa mbali haikuwepo. Nilipoteza miaka miwili ya mjomba wangu kwa ajili ya mlima wa hewa.

Usinielewe vibaya. Sisemi kila mlima ni mazigazi. Daktari akikupima akakuambia una sukari, hiyo ni sukari. Meza dawa na uombe. Majitu ya Kanaani yalikuwepo kweli, na Kalebu hakuyakana. Lakini akiwa na miaka 85 aliomba apewe nchi ileile ya milima, wenyewe wakiwa bado ndani. Alijua ukubwa wao kwa sababu alikaribia. Alijua pia ukubwa wa Mungu wake.

Imani si kufumba macho useme hakuna kitu. Imani ni kusonga mbele hadi uone kilichopo, ukiwa na Bwana.

Kwa hivyo wiki hii, taja mlima mmoja uliogeuza meli yako. Ni barua ambayo hujafungua? Ni ndugu hamsalimiani? Ni kipimo unaogopa kwenda kuchukua majibu? Sogea hatua moja. Piga simu. Fungua. Enda.

Tuombe: Baba, tupe ujasiri wa kukaribia. Kama mlima haupo, tupitishe. Kama upo, tupande nawe. Katika jina la Yesu, amina.