Pikapu ya Mzee Katika Barabara ya Ziwa

Pikapu kuukuu, yaani gari dogo la mizigo lenye sehemu ya nyuma iliyo wazi, bado ina kazi yake Ziwa, kituo cha biashara kilichoko kaskazini mwa Eldoret katika kaunti ya Uasin Gishu, ambako mahindi na maziwa ndiyo riziki ya nyumba nyingi. Miongoni mwa magari hayo Peugeot 504, ambayo Wakenya wengi huiita Pijo tu, ina heshima ya pekee, kwa kuwa iliendelea kuunganishwa humu nchini kwa miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza ile ya abiria mwaka 1983, ikaenea mashambani pamoja na vipuri vyake na mafundi walioijua hadi uvunguni. Zilizosalia leo ni nadra kuwa kama zilivyotoka kiwandani: injini imebadilishwa, springi zimeongezwa bamba, magurudumu yamepanuliwa, na bodi ya nyuma imeundwa upya na fundi wa kuchomelea. Anayerithi gari la namna hiyo hujikuta akiuliza kama linaweza kutegemewa kila siku, au limebaki la kuoshwa Jumamosi na kutazamwa.

Desturi ya kuligeuza gari si ngeni. Matatu nyingi za zamani zilikuwa pikapu zilizovikwa bodi na mafundi wa jua kali, abiria wakikaa kwenye mabenchi wakitazamana, na ziliongezeka sana baada ya Rais Jomo Kenyatta kuziruhusu mwaka 1973 kuhudumu bila leseni maalumu ya uchukuzi. Hazifai kusifiwa kupita kiasi, maana zilijazwa mno na ajali zake ziliwaacha wengi katika majonzi. Hata hivyo mabadiliko yake yalitokana na kazi, na kila chuma kilichoongezwa kilikuwa na sababu ambayo hata utingo angeweza kuieleza.

Kazi ya Ziwa nayo ina masharti yake. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa huwa nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na tabo, yaani isiyosukumiwa hewa na feni inayozungushwa na moshi wake, hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikiwa imepimwa kwa ajili ya pwani humimina petroli kuliko hewa iliyopo, plagi zikawa nyeusi na gari likakohoa kila alfajiri ya baridi. Ndiyo maana wengi huhamia injini ya dizeli iliyotumika Japani, yenye nguvu za polepole zinazofaa matope ya Aprili.

Hapo ndipo hesabu halisi inapoanza, kwa sababu gari ni mwili mmoja, na kiungo kimoja kikibadilishwa vingine huitikia. Injini nzito huhitaji vishikio vipya. Propela, yaani mhimili unaopeleka mzunguko kutoka kwenye giaboksi hadi ekseli ya nyuma, hukatwa au kuongezwa urefu, na isiposawazishwa gari hutetemeka hadi viungio vyake vikalika kabla ya wakati. Rejeta iliyotosha injini ya kwanza huchemka kwenye mlima. Na breki zilizokusudiwa gari jepesi hubaki zilezile, jambo ambalo ndilo la hatari zaidi na ndilo husahaulika zaidi. Rimu pana hupendeza machoni, lakini huzitwisha beringi mzigo zisioujua na kuufanya usukani kuwa mzito. Bamba zikiongezwa, pikapu ya tani moja inayobeba magunia kumi ya kilo 90 bila shida hupewa kumi na matano, ingawa chasisi, fremu inayoshikilia kila kitu, haikuongezwa lolote.

Wapenzi wa gari hili hukumbusha kwamba dereva Ove Andersson alishinda mashindano ya magari ya Safari Rally kwa Peugeot 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas naye mwaka 1978. Ushindi huo ni wa kweli na unastahili fahari, ila gari la mashindano hufuatwa njiani na mafundi wenye vipuri, nalo hufunguliwa na kukaguliwa mbio zikiisha, ilhali pikapu ya Ziwa ikizima kwenye njia ya shamba saa kumi na moja alfajiri, mitungi ya maziwa ya lita 50 ikiwa imefungwa nyuma kwa vipande vya tyubu, haina wa kuifuata, na maziwa hayasubiri jua lipande.

Sheria pia ina sehemu yake: injini, rangi au bodi ikibadilishwa, kumbukumbu za usajili hazina budi kubadilishwa pia, na mwenye gari akipuuza hilo huendesha gari lisilofanana na hati zake.

Linaloamua utegemevu wa pikapu hii, basi, ni ujuzi unaoizunguka kuliko umri wake. Gari lililogeuzwa sana hufahamika vyema na watu wawili, mwenye nalo na fundi wake, na mmoja akifariki nusu ya elimu hiyo huzikwa naye. Mzee mwenye busara huweka daftari la shule kwenye kisanduku cha mbele, ameandika kwa kalamu ya wino tarehe ya kila mara mafuta yalipobadilishwa, beringi zilitoka kwenye gari gani, na pampu ya maji ni ya injini ya mwaka upi. Daftari hilo ni wosia mkubwa kuliko gari lenyewe, na mtoto anayelipokea bila kulisoma hajarithi kitu kamili. Palipo pengo katika kurasa zake, kijana hupanda matatu kwenda Eldoret na sahani ya klachi iliyokwisha, ameifunga kwa gazeti la jana, kisha huiweka juu ya kaunta ya duka la spea na kungoja muuzaji aigeuzegeuze, ahesabu meno yake kwa kidole, na kwenda kutafuta nyuma ya rafu ile inayofanana nayo.