Samaki Aliyerejeshwa Majini: Maneno juu ya Uvuvi wa Mchezo

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, aliyeyatiririsha maji kutoka vilele vya milima, akayakusanya katika mito na maziwa, na akajaalia ndani yake riziki ya viumbe vyake. Na rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na killa aliyefuata mwendo wao kwa wema.

Ama baada ya hayo.

Katika nchi za baridi, na khasa Uingereza na Scotland, uko uvuvi ambao watu wa pwani hawakuuzoea. Mvuvi wa pwani hutoka alfajiri na ngalawa yake, akatega dema au akatupa mshipi wenye chambo, na alichopata hula yeye na watoto wake, na kilichozidi hukiuza sokoni. Mvuvi wa huko hutwaa ufito mrefu, mwembamba, upindikao pasi na kuvunjika, na mwisho wa mshipi wake hufunga ndoana ndogo iliyoviringwa uzi na unyoya wa ndege hata ikafanana na inzi wa majini. Ndoana hiyo haina chambo, wala haina kitu cha kuliwa hata kidogo. Samaki atafutwaye ni yule aitwaye trauti, mwenye madoadoa ubavuni, akaaye katika maji safi ya baridi, naye huwakamata wadudu waeleao juu ya maji. Huuona unyoya ukipita, akadhani ni riziki yake, akapanda.

Ufundi huu si wa jana. Aelian, mwandishi wa dola ya Kirumi, aliyeishi zaidi ya miaka 1,700 iliyopita, ameeleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya katika ndoana ili kuwavua samaki wa mtoni. Waingereza nao walipiga chapa kitabu cha uvuvi wa mshipi mwaka 1496, na kitabu cha Izaak Walton, kilichotoka mwaka 1653, kingali kikisomwa. Wala trauti hawakubakia Ulaya. Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan aliwaleta trauti wa Loch Leven, ziwa la Scotland, wakatiwa katika mto wa Gura katika milima ya Aberdare, nchi ya Kenya. Na hata leo trauti wamo katika mito ya milima ile na ya Mlima Kenya, na katika maziwa ya juu kama Ziwa Alice na Ziwa Rutundu. Basi suala litakalotajwa hapa si la watu wa mbali peke yao.

MSIMU NA DAFTARI

Huko Scotland sharia ya nchi imekataza kumvua trauti wa asili tangu tarehe 7 Oktoba mpaka tarehe 14 Machi, kwani katika majira hayo samaki hao hupanda vijito kwenda kutaga mayai yao katika changarawe. Msimu wa kuvua, basi, ni tangu tarehe 15 Machi mpaka tarehe 6 Oktoba, na baada ya hapo mvuvi hana budi kuweka ufito wake.

Wavuvi wengi wa namna hii huweka daftari. Huandika siku, na maji, na upepo, na inzi aliyetumiwa, na idadi ya samaki. Na afikiriwe Mwislamu mmoja akaaye katika nchi ile, mtu wa sala na sadaka, aliyeupenda uvuvi huu. Usiku wa tarehe 6 Oktoba ameketi na daftari lake, afanya jumla. Jumla yake ni samaki 60. Katika hao, 4 aliwaua akawala pamoja na watu wa nyumba yake. Na 56 aliwatoa ndoana vinywani akawarejesha majini. Moyo wake umetulia kwa ajili ya wale 56. Aona kwamba hao ndio aliowafanyia rehma, na kama iko lawama juu yake basi ni kwa wale 4 aliowaua. Suala ni hili: je, hisabu yake ni sawa, au ameipindua?

KATIKA KUELEZA WALE WANNE

Wale 4 hawana lawama. Mwenyiezi Mungu amehalalisha mawindo ya majini katika Surat al-Maida, na akataja sababu ya kuhalalisha, nayo ni manufaa ya walioko na ya wasafiri. Tena imepokewa kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, kwamba mfu wa samaki ni halali. Mwenye kumvua samaki, akamwua kwa upesi asimwache atapetape juu ya majani, akamla na kumshukuru Mola wake, huyo amekipokea alichopewa kwa njia aliyopewa.

Huenda mtu akasema: Je, kule kumdanganya samaki kwa unyoya si khiana? Jawabu ni kwamba mtego na dema na chambo vyote ni hila, na hila ya kuwindia haikukatazwa, kwani baina ya mwindaji na windo hapana ahadi iliyovunjwa. Lakini hila huhalalishwa na haja iliyo nyuma yake. Haja ikiondoka, husalia hila tupu.

KATIKA KUELEZA WALE HAMSINI NA SITA

Hapa ndipo ulipo uzito wa suala. Katika khabari za watafutaji wa Hadithi husimuliwa kisa cha mtu aliyesafiri mwendo mrefu kwenda kupokea Hadithi kwa bwana mmoja. Akamkuta bwana huyo anamwita mnyama wake aliyetoroka, naye ameikunja nguo yake kama kwamba ndani yake mna shayiri. Msafiri akauliza: Mna kitu humo? Akajibiwa: Hamna. Basi akageuka akarudi kwao, akaona kwamba amdanganyaye mnyama haaminiki kwa maneno ya Mtume. Na yule bwana alikuwa na haja: alitaka kumpata mnyama wake. Basi asemweje amwitaye kiumbe kwa nguo tupu, kisha asimtake?

Samaki yule alikuwa katika riziki yake. Aliitwa kwa chakula kisichokuwa chakula, akachomwa kinywani, akavutwa huku akipigania roho yake mpaka nguvu zikamwishia, akatolewa katika maji ambayo ndiyo pumzi yake, akatazamwa, pengine akapigwa picha, kisha akaambiwa: Nenda. Aliyemwachia huita jambo hilo rehma. Lakini rehma ni kumwondolea mtu taabu iliyomfika, na taabu hii ililetwa na mkono ule ule. Mwenye kumsukuma mtu kisimani kisha akamtupia kamba, hatajwi katika hisabu ya waokozi.

Mtume, rehma na amani zimshukie, amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha ya kuchezea, na Hadithi yake imo katika Sahihi mbili. Tena ameamrisha wema katika killa jambo, hata katika kuchinja. Na wanazuoni wameeleza kwamba hukumu ya uwindaji hubadilika kwa makusudio ya mwenye kuwinda. Windo la chakula si sawa na windo la upuuzi.

Wako wasemao kwamba samaki hana maumivu. Mwaka 2003 wataalamu watatu wa Scotland walitangaza waliyoyaona katika trauti: kwamba usoni na kinywani mwake mna mishipa ya hisi ipokeayo madhara, na kwamba samaki waliotiwa asidi ya siki midomoni walisugua midomo yao katika changarawe, na wakakaa muda mrefu kuliko wenzao pasipo kula. Wako wataalamu wengine waliowapinga, wakasema kwamba hisi si maumivu, na kwamba samaki hana akili ya kuyatambua. Mzozo huo haujaisha. Lakini mcha Mungu hangojei uishe. Ameamrishwa kuliacha la shaka kwa lisilo na shaka, khasa ambapo kuliacha hakumpunguzii chakula wala vazi. Na wako watu walioifikia hukumu hii kwa sharia zao za kidunia tu: sharia ya Ujerumani hairuhusu kumtia mnyama maumivu pasipo sababu yenye maana, na Uswisi tangu mwaka 2009 imekataza kuvua kwa nia ya kuachia.

HOJA ZA MWENYE KUREJESHA, NA MAJIBU YAKE

Hoja yake ya kwanza ni hii: Lau wavuvi wote wangeua killa wampatacho, mito ingalikuwa tupu. Hii ni hoja ya kweli, wala haifai kudharauliwa. Mmarekani Lee Wulff aliitangaza tangu mwaka 1939, akafundisha kwamba ni hasara samaki wa mchezo kuvuliwa mara moja tu. Jawabu ni kwamba mtu hana haja ya kuchagua baina ya kuua wote na kuchezea wote. Iko njia ya tatu, nayo ni kuacha. Aliyepata samaki wawili wa kumtosha, na afunge mshipi wake. Mto hautaisha kwa mtu aliyetosheka. Tena msimamo wa Wulff umemfanya samaki kuwa mali ya mchezo, wa kuumizwa leo ili apate kuumizwa kesho.

Hoja yake ya pili: Wako samaki wadogo ambao sharia ya maji yale imeamrisha warejeshwe. Hili halina ubishi. Aliyetupa mshipi kwa nia ya chakula, akampata mdogo asiyeruhusiwa, akamrejesha upesi kwa mkono uliolowa maji, huyo ametii, wala hakucheza. Na akitumia ndoana isiyo na kijino, ili itoke kwa wepesi, amezidisha wema. Kinachotofautisha ni nia iliyokuwa moyoni kabla ya mshipi kutupwa.

Hoja yake ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwani yatoka moyoni. Husema: Sikuwa mtu wa kutazama viumbe vya Mungu mpaka nilipojifunza uvuvi huu. Na kweli asema. Ili amvue trauti, amejifunza upepo na joto la maji. Amejifunza kuinua jiwe la mtoni akaona wadudu walioshika chini yake. Amemjua yule mdudu akaaye majini mwaka mzima au zaidi, kisha akatoka na mbawa, wala hana kinywa cha kulia, akaishi siku moja au saa chache tu, akataga mayai, akafa. Amejifunza kunyamaza, na saburi. Haya yote ni kheri, wala hapana mwenye kuyakataza. Lakini na ajiulize: ni lipi katika hayo lililohitaji ndoana? Jiwe huinuliwa kwa mkono. Mdudu hutazamwa kwa jicho. Mwenye kukaa ukingoni na mikono mitupu huona zaidi, kwani hakushughulishwa na mshipi.

SAA YA MAGHARIBI

Liko jambo jingine asiloandika katika daftari. Imepokewa kwa Mtume, rehma na amani zimshukie, kwamba mwenye kuandama mawindo hughafilika. Na trauti desturi yake hupanda kwa wingi jua lituapo, upepo ukatulia, na wadudu wakakusanyika juu ya maji. Katika mwezi wa Juni jua la Scotland hutua karibu na saa nne ya usiku, nayo ndiyo saa ya Magharibi. Miviringo yaenea juu ya ziwa, huyu amepanda hapa, yule amepanda pale, na mtu husema: Huyu mmoja tu, kisha nitasali. Mwenyiezi Mungu amesimulia katika Surat al-A'raf khabari za watu wa mji wa pwani, ambao samaki walikuwa wakiwajia wazi wazi siku waliyokatazwa, na siku nyingine wasiwajie. Walijaribiwa kwa samaki, wakashindwa. Jaribio lile halikuwa la njaa, lilikuwa la utiifu, nalo hurudi killa jioni kwa namna nyingine.

JAWABU

Basi hisabu ya mtu yule imepinduliwa. Wale 4 aliodhani ni dhambi yake, kama aliwaua kwa wema na akala kwa shukrani, ni neema aliyopewa. Na wale 56 aliodhani ni sadaka yake, ndio wanaohitaji istighfari, isipokuwa wale aliowarejesha kwa kuwa hawakuruhusiwa.

Wala haimpasi kuuvunja ufito wake. Tarehe 15 Machi itakaporudi, akiwa hai, na aende mtoni na nia ya chakula cha nyumba yake, avue kwa kadiri ya haja, aue upesi, ampe jirani kilichozidi, asali kwa wakati wake, kisha akae ukingoni na mikono mitupu, atazame trauti wakipanda, wala asiwaite kwa nguo tupu. Na katika daftari lake, karibu na safu ya idadi na safu ya uzani, aongeze safu ya tatu, aandike mbele ya killa samaki: kwa ajili gani? Asipopata la kuandika, ajue kwamba liko daftari jingine, nalo halikuachwa tupu.

Mwenyiezi Mungu aturuzuku macho ya kutazama pasipo kuumiza, na mikono ya kutwaa pasipo kupita kiasi, na atusamehe tuliyoyaita rehma nayo si rehma. Naye ndiye Mjuzi zaidi. Amin.